Kwa Nini Hawaitaki Nta Yangu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu pamoja na wazee wako wa vijiji, Mchungaji uliyetuombea kabla hatujakaa, walimu wetu, akina mama wa kikundi cha hapa Manyatta ambao mikono yenu ndiyo iliyolijenga jengo hili, wageni mliotoka Embu mjini na nyinyi mliotoka mbali zaidi huko Meru, na vijana mliosimama nyuma kwa sababu viti vimeisha: hamjambo?

Wale wa nyuma sikuwasikia. Hamjambo?

Sasa tuko pamoja. Jina langu ni Kithaka, na mimi ni mfuga nyuki kutoka Gachoka. Kwenye ratiba mliyopewa imeandikwa kwamba nitazungumza juu ya jambo moja: kwa nini watu siku hizi wanachagua kununua vipodozi visivyo na kitu chochote cha mnyama. Nimewaona wachache wenu mkiisoma ratiba, mkiniangalia, kisha mkiisoma tena. Siwalaumu. Kiwanda hiki tunachofungua leo kinatengeneza mafuta ya kujipaka, mafuta ya midomo na sabuni, kwa makadamia na avokado za mashamba yenu. Hakitumii maziwa, hakitumii mafuta ya ng'ombe, na hakitumii nta ya nyuki. Na mimi nauza nta ya nyuki. Sasa mbona nimepewa kipaza sauti?

Nitawaeleza, na nitaanza na Wawira.

Wawira, mwenye kiwanda hiki, ni binti ya marehemu dada yangu Alice. Alipomaliza shule alianza kupika mafuta ya midomo nyuma ya jiko la mama yake, kwa sufuria iliyokuwa ya chai, na mtu aliyempa nta ya kwanza ni mimi. Nilimwonyesha jinsi ya kuiyeyusha juu ya maji ya moto badala ya kuiweka motoni moja kwa moja, na jinsi ya kuichuja kwa kitambaa mpaka itoke na rangi ya uji wa wimbi uliotiwa maziwa. Alipoanza kuuza kwenye duka lake Embu mjini, nta yote ilikuwa yangu. Biashara ikakua, na mizinga yangu ikakua pamoja nayo. Kwa miaka hiyo ukiniuliza ni nani mteja wangu, ningekuambia ni mpwa wangu, na ukiniuliza wa pili ni nani, ningefikiria kidogo.

Basi asubuhi moja nilikuwa nakagua mizinga, nikamwona Wawira akishuka kwenye boda boda. Hakuwa na ndoo ya kubebea nta. Akanisalimia, akauliza hali ya mama watoto, akauliza hali ya mvua. Mtu wa kwetu akishauliza hali ya mvua na bado hajasema alichojia, ujue ni kizito.

"Mjomba," akasema, "nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Sitachukua nta tena."

"Nta yangu ina kasoro gani?"

"Haina kasoro hata moja. Sijawahi kushika nta safi kama hiyo."

"Sasa?"

"Wateja wanaotaka mafuta yasiyo na kitu cha mnyama wamekuwa wengi. Wananiuliza, nami sina la kuwajibu."

"Nyuki amekuwa mnyama tangu lini?" nikamuuliza. "Nyuki ni mdudu!"

"Kwao ni mamoja, mjomba. Chenye uhai ni chenye uhai."

Ndugu zangu, nilimtazama mtoto niliyemfundisha kuchuja nta, nikaona macho yake yamelowa, na bado hakuyarudisha nyuma maneno yake. Alikunywa chai, akaaga, akaenda. Mvua za mwaka ule zikaja zikaisha, na sisi wawili hatukuzungumza.

Baadaye nilikuja kusikia kwa hawa akina mama, waliokuwa wakipika naye hapa Manyatta, kwamba jambo lenyewe lilikuwa limefika pabaya. Duka moja kubwa la Nairobi lilitaka mafuta ya midomo ya Wawira kwa wingi, kwa sharti kwamba yasiwe na chochote cha mnyama. Ndwiga, kijana wetu wa mauzo, ambaye namwona pale akijificha nyuma ya Bwana Chifu, alikuwa na wazo. Usijifiche, Ndwiga, nakusifu baadaye! Ndwiga alisema, tuandike kwenye kopo "nta ya asili," basi. Ni uwongo? Hapana. Nyuki si wa asili? Ni wa asili. Mteja asome na aelewe anavyotaka.

Akina mama wananiambia Wawira aliweka mwiko chini, akamwambia, "Ndwiga, yule mtu hatuulizi kama ni ya asili. Anatuuliza kama imetoka kwa kiumbe. Tukimjibu swali ambalo hakuuliza, tumemdanganya kwa maneno ya kweli."

Kwa hivyo aliona afadhali kulikosa lile duka mpaka atakapopata njia, na aliona afadhali kumwudhi mjomba wake kuliko kumficha mteja asiyemjua. Nilipoyasikia hayo sikufurahi. Niliwaza, hao wateja ni akina nani hata wapewe heshima kubwa namna hii kuliko mimi? Nilikaa na hiyo hasira nyumbani, nikiipeleka mizingani asubuhi na kuirudisha jioni, mpaka mke wangu Wambeti akachoka.

"Wewe unanuna," akaniambia, "na hujui unamnunia nani. Hao watu wana majina. Wanapita pale dukani kila siku. Si uende uwaulize?"

Nikaenda. Nilifika Embu, nikaingia dukani kwa Wawira, nikamwambia, "Nipe kiti. Nataka kuwaona watu waliokataa nta yangu." Aliogopa, nadhani, kwamba nimekuja kugombana na wateja. Lakini akanipa stuli karibu na mlango, na kila aliyechukua kopo la mafuta ya kujipaka lenye jani la kijani kwenye kifuniko, alama ya kwamba hayana kitu cha mnyama, nilimsalimia, nikamwambia mimi ni mzee tu mwenye swali. Umenunua hii badala ya mafuta ya kawaida kwa nini?

Nilidhani nitapata jibu moja, na kwamba litakuwa la kijinga ili nirudi nyumbani nimeshinda. Nilipata majibu mengi, na hakuna hata moja lililofanana na lingine.

Wa kwanza alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, ngozi ya mtoto ina vipele shingoni. Alisema amejaribu mafuta mengi, na kila kopo lina orodha ya majina asiyoweza kuyasoma. "Hii naisoma," akasema. "Makadamia naijua, iko kwa baba mkwe. Avokado naijua." Wawira, akiwa nyuma ya kaunta, akamwambia wazi, "Mama, kukosa kitu cha mnyama si dawa. Kuna ngozi zinazowashwa hata na mafuta ya kokwa. Mpake kidogo kwenye mkono kwanza, na vipele visipopungua umpeleke kwa daktari." Yule mama aliitikia, na bado akanunua. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hakuwa ananunua ahadi ya kupona. Alikuwa ananunua kitu anachokielewa.

Wa pili alikuwa Mzee Gichovi, Msabato asiyegusa nguruwe, mtu wa koti safi na maneno machache. Nilimuuliza, akaniuliza, "Wewe unajua sabuni unayoogea imetengenezwa kwa mafuta ya nini?" Nikasema sijui. "Basi mimi nilijiuliza miaka mingi. Kitu nisichokubali kiingie mezani kwangu, kwa nini nikipake mwilini halafu niende nacho kanisani?" Nikamwambia, lakini nyuki wangu hajakatazwa popote. Akacheka. "Asali yako nakula, Bwana Kithaka. Hapa sina ugomvi na nyuki. Ni kwamba kopo lisilo na mnyama kabisa halinilazimu kuuliza mnyama gani."

Mnaliona hilo? Mtu amechoka kuuliza. Ananunua utulivu.

Akaja kijana amevaa fulana ya timu ya mpira, akachukua makopo mawili haraka. Nikamuuliza, akaona haya. "Mzee, mimi sijui hata maana ya hilo jani. Kuna msichana ameniambia nikija na ingine nisije." Na huyo pia nimemweka kwenye hesabu ya sababu, kwa maana mapenzi nayo ni sababu. Akaja shosho mmoja, nyanya wa hapa hapa Manyatta, ambaye hakujali mnyama wala mmea. Alinunua kwa sababu makadamia za shamba lake zinaletwa hapa, na alitaka kujipaka shamba lake mwenyewe. Nilimpenda sana.

Lakini nataka niwaambie zaidi juu ya mmoja, kwa sababu ndiye aliyenifanya nirudi nyumbani bila ushindi.

Anaitwa Ntinyari. Ni binti wa Kianjai, huko Meru, na wakati ule alikuwa mwanafunzi wa chuo Embu. Nilipomuuliza swali langu, yeye hakuona haya wala hakucheka. Alivuta stuli nyingine akakaa. Alisema akiwa mdogo alifuga sungura. Kisha siku moja akiwa chuoni aliona filamu ya sungura waliofungwa shingo kwenye visanduku, wakitiwa dawa za vipodozi machoni ili watu wajue kama zinachoma. "Nilizima," akasema, "nikaenda kuangalia vitu vyote nilivyokuwa navyo kwenye beseni langu la kuogea. Sikujua hata kimoja kilipita wapi kabla ya kufika kwangu."

Hapo akanifundisha kwamba hayo ni mambo mawili. Kuna kipodozi kisicho na kitu cha mnyama ndani yake, na kuna kipodozi ambacho hakikujaribiwa kwa mnyama, na kopo linaweza kuwa na sifa moja likakosa nyingine. Yeye alitaka zote mbili. Akaniambia kwamba kuna rangi nyekundu ya midomo inayotoka kwa wadudu waliosagwa. Akina dada, msishtuke, si zote! Akaniambia kuna mafuta ya ngozi yanayokamuliwa kwenye sufu ya kondoo. Mimi mzee mzima nilikuwa nimekaa na mdomo wazi.

Kisha nikakumbuka kwamba nimekuja kumtetea nyuki. Nikamuuliza, "Binti yangu, nyumbani kwenu mnakula nyama?"

"Baba yangu ana bucha Kianjai," akasema.

Watu wawili waliokuwa wakilipa pale dukani waligeuka. Nikajua sasa nimemshika.

"Bucha! Na wewe unakataa nta?"

Hakukasirika. Alifikiri kwanza. "Mzee, kwa baba chakula nakikuta kimepikwa. Kikipakuliwa nakula, kwa sababu ni nyama iliyonilipia karo na siwezi kumdharau baba mbele ya sahani yake. Chuoni nakula kinachopatikana. Sina nyumba, sina shamba, sijaamua mambo mengi katika maisha yangu. Lakini kopo hili naliamua mimi. Ni kitu kidogo, najua. Ndicho nilicho nacho cha kuamua."

Waheshimiwa, nimesikia hotuba nyingi, na leo mnanisikia nami nikitoa yangu, lakini sijasikia maneno yaliyonyooka kama hayo. Sisi wakubwa tunapoona mtu amechagua kitu kidogo tunamuuliza, mbona hujachagua na kikubwa? Tunamwita mnafiki. Je, kuna mmoja wetu hapa aliyeanza na kikubwa?

Hata hivyo sikukubali kushindwa. Nikamwambia, "Wewe hujaona ninavyofuga. Njoo Gachoka uone." Nilikuwa na hakika kwamba akiona atabadilika.

Na akaja! Alikuja asubuhi na rafiki yake, Wambeti akawafunga nyavu za uso na kuwavika koti zangu za kazi. Nilimwonyesha jinsi ninavyopuliza moshi kidogo tu, jinsi ninavyoinua fremu polepole, jinsi ninavyowaachia nyuki masega yao ya kiangazi wasife njaa. Nyuki walitembea juu ya glavu zake na hakukimbia. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akiuliza kila kitu: malkia yuko wapi, nyuki mmoja anaishi muda gani, nta inatoka sehemu gani ya mwili wake. Nilimwambia kwamba nyuki huitoa nta tumboni, vipande vyembamba kama magamba ya samaki mdogo, na kwamba lazima ale asali nyingi ili aitoe kidogo.

Akaniuliza, "Kwa hivyo ukiichukua, anaanza upya?"

"Anaanza upya," nikasema.

Tuliporudi chini ya mabati ya jikoni, Wambeti akawawekea chai na mihogo, na mimi nikasubiri hukumu yangu.

"Mzee, unawatunza vizuri," Ntinyari akasema. "Nilidhani ni kazi ya kunyang'anya tu, nimeona sivyo. Nikisikia mtu akisema wafugaji nyuki ni wakatili, nitamwambia kuhusu wewe. Lakini bado sitanunua."

Wambeti akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilitaka kuudhika, lakini hasira ile niliyokuwa nikiitembeza kutoka nyumbani hadi mizingani niliitafuta, sikuiona. Kwa sababu mtu alikuja, akaangalia, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniheshimu, na bado akabaki na uamuzi wake. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba asiyekubaliana nami hajanielewa. Huyu alinielewa kabisa.

Jioni hiyo nilimpigia Wawira simu, mara ya kwanza tangu mvua zile. Nikamuuliza, "Umefika wapi na hayo mafuta yako yasiyo na nta?"

"Mjomba, yamenishinda," akasema.

Nikapanda kuja huku Manyatta. Alikuwa amepata nta ya mmea, inayotoka kwenye majani ya aina fulani ya mnazi wa Brazili, lakini nta hiyo ni ngumu na inataka moto mkali kuliko ya nyuki. Mafuta ya midomo yalitoka magumu kama mshumaa, na alipopunguza nta yakawa na chenga chenga kama sukari. Akina mama hawa wamemwaga masufuria mengi, ninyi mnajua. Nilikaa nao. Tukapunguza, tukaongeza, tukajaribu kupoza haraka, tukajaribu kupoza polepole. Wambeti, aliyekuja kuniletea chakula tu, ndiye aliyeuliza kama wamejaribu mafuta ya mbariki, yaani mbono, yale mazito ambayo mama zetu huko kwetu Mbeere walipaka watoto. Wakajaribu. Chenga hazikuisha siku hiyo, lakini zilipungua, na baada ya wiki nyingi za kubahatisha na kurekebisha tukapata kopo ambalo Wawira alilipitisha midomoni, akafumba macho, akasema, "Hii."

Duka la Nairobi lilichukua. Jengo hili mnaloliona limetokana na hapo. Na Ndwiga, nilisema nitakusifu: Ndwiga ndiye aliyekwenda kulieleza lile duka, mbele ya wakubwa wa hapo, kila kitu kilichomo kwenye kopo na kila kisichokuwemo, na hakuficha hata kwamba makopo ya mwanzo yalikuwa na nta. Mpigieni makofi. Ntinyari naye amemaliza chuo, na ndiye anayeshughulikia maswali ya wateja hapa kiwandani. Baba yake, Bwana Koome, amefunga bucha yake leo akaja kutoka Kianjai. Simama, Bwana Koome, watu wakuone.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa kwangu. Wanawake wa Gachoka sasa wanauza mbegu za mbariki hapa, na mke wangu ni mmoja wao, kwa hivyo nyumbani kwangu mlango wa mzee ulifungwa na wa mama ukafunguliwa. Nta yangu nyingine inachukuliwa na maseremala wa kung'arisha viti, nyingine na watu wa mishumaa, na iko miezi inakaa tu ghalani. Ilibidi nipunguze mizinga. Hilo lilinichoma, na siku nyingine bado linanichoma.

Sasa mkiniuliza tena, kwa nini watu wanavinunua vipodozi hivi? Nitawajibu kwamba sijui kwa ujumla. Najua mama anayetaka kusoma jina analolijua. Najua mzee aliyechoka kuuliza. Namjua kijana anayempenda msichana, na shosho anayelipenda shamba lake, na binti aliyetafuta kitu kimoja cha kuamua mwenyewe. Nawaomba akina mama wa kiwanda hiki msiwahi kuwaita hao wote "soko." Mtu akisimama hapa mlangoni na kopo mkononi, mwulizeni, kisha nyamazeni mumsikilize.

Na neno la mwisho. Jana asubuhi nilikuwa nyumbani, nikijiandaa kwa ajili ya hotuba hii, akafika bwana mmoja na pikipiki, mtu nisiyemjua, jina lake Riungu. Akasema ana midomo inayopasuka kila kiangazi, na kwamba hakuna mafuta yanayomfaa isipokuwa yale ya zamani yenye nta ya nyuki. Alikuwa amefika hapa kiwandani kuyatafuta. Nikamuuliza, walikuambia nini?

"Mwenye kiwanda mwenyewe alitoka nje," akasema. "Akaniambia, hapa hatuyatengenezi tena, na sitakuuzia kitu kingine nikijua sicho unachotaka. Nenda Gachoka kwa mjomba wangu. Ndiye aliyenifundisha, na yake yatakuwa mazuri kuliko yangu ya zamani."

Nilimpikia yale mafuta hapo hapo, kwa sufuria ya Wambeti. Mikono yangu ilikuwa haijasahau. Wawira, sikukupigia simu kukushukuru. Nilitaka kukushukuru hapa, watu wakiwepo.

Mheshimiwa, mkasi huo hapo, na utepe unakungoja. Nanyi nyote mliokaa na mliosimama, mmenivumilia nikizungumza kirefu kuliko ratiba ilivyoniruhusu. Asanteni kwa kunipa masikio yenu, na Mungu awabariki.